Ramani Kabla ya Msuko: Historia Fupi ya Kazi Isiyo na Jina

Miongoni mwa istilahi za fasihi ambazo zimewatatiza wafasiri na walimu wetu kwa muda mrefu, neno la Kiingereza "plot" limo katika safu ya mbele. Ukiwauliza walimu watatu Kiswahili chake, yamkini utapata majibu matatu: wa kwanza atasema muundo, wa pili msuko, na wa tatu ploti. Kila mmoja ana hoja yake, wala hatukusudii kumlaumu yeyote. Tunachokusudia ni kuonyesha kwamba ugomvi huu una chanzo chake nje ya maneno hayo matatu. Neno moja la Kiingereza limebeba mambo mawili, nasi tumelipatia jina jambo moja tu.

Jambo la kwanza ni mpango ambao mwandishi huuandaa kabla ya kuandika hadithi yake. Jambo la pili ni jinsi matukio yanavyofuatana na kusababishana ndani ya hadithi iliyokwisha kuandikwa, kama anavyoyakuta msomaji. Muundo, msuko na ploti, kama yatumikavyo madarasani, yote hutaja hilo la pili. Hilo la kwanza, ambalo ndilo jasho la mwandishi, halijapata jina linalokubaliwa na wote.

Upungufu huu si wa kupuuzwa. Tulipata kuletewa rasimu ya mwongozo wa uandishi uliofasiriwa kwa ajili ya vijana, nasi tukaombwa tuipitie lugha yake. Mahali ambapo mwandishi wa asili alimtaka mwanafunzi ajiandae kabla ya kushika kalamu, mfasiri aliandika: "Kabla hujaanza, chambua muundo wa hadithi yako." Tukajiuliza, mwanafunzi atachambuaje kitu ambacho hakijakuwapo? Ukurasa wa pili neno lilo hilo liligeuzwa kuwa njama, na mwanafunzi akashauriwa ale njama na wahusika wake. Mfasiri huyo hakuwa mzembe. Alikosa neno, na mtu anayekosa neno huokota lililo karibu.

Ili tupate kuliona jambo hili sawasawa, hatuna budi kurudi nyuma na kutazama jinsi kazi ya kupanga hadithi ilivyofanywa, na jinsi jina lake lilivyosafiri.

Kutoka kiwanjani hadi jukwaani

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko neno la Kiingereza. Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa shauri katika kitabu chake juu ya ushairi kwamba mtunzi aanze kwa kuichora hadithi yake kwa jumla, kisha ndipo aijaze visa vyake kimoja kimoja. Akatoa mfano wa utenzi mrefu wa Odisea, akaonyesha kwamba kiini chake chaweza kusemwa kwa sentensi chache tu: mtu yuko mbali na kwao miaka mingi, huku nyumbani mali yake inatapanywa; anarejea baada ya mateso, anawaangamiza adui zake. Yote mengine, asema, ni visa vilivyotiwa ndani. Hapo tunaona kwamba kupanga na kuandika vilitambuliwa tangu zamani kuwa ni hatua mbili.

Neno la Kiingereza lilianza mbali na fasihi. Maana yake ya kale ni kipande cha ardhi. Katika karne ya 16 lilikuwa likitumika pia kwa mchoro wa ardhi au wa jengo. Baadaye likatumiwa kwa mpango wa aina yoyote, ukiwamo mpango wa siri wa kudhuru. Maana hii ya mwisho ilipata nguvu mwaka 1605, baada ya kugunduliwa hila ya kulilipua Bunge la Uingereza kwa baruti. Kwa hiyo kiwanja, ramani, hila na hadithi, kwa Mwingereza, vyote vilikuja kukaa chini ya paa moja. Sisi tunavyo vyumba mbalimbali kwa kila kimoja, na hiyo ni bahati yetu, ikiwa tutakubali kuitumia.

Mahali ambapo maana ya kifasihi ilishika mizizi ni katika nyumba za tamthilia za London mwishoni mwa karne ya 16. Philip Henslowe, mwenye jumba la michezo, aliacha daftari la hesabu zake. Humo imeandikwa kwamba tarehe 3 Desemba 1597 Benjamin Jonson alikopeshwa shilingi 20 kwa ajili ya mchezo ambao mpango wake alikwisha kuwaonyesha waigizaji, naye akaahidi kuumaliza mchezo huo ifikapo Krismasi. Mnamo Oktoba 1598 daftari lilo hilo linamtaja George Chapman akilipwa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ya sehemu mbili za mchezo wa tanzia uliojengwa juu ya mpango wa Benjamin.

Kumbukumbu hizi fupi zina mafunzo makubwa. Kwanza, mpango ulikuwa kitu kinachoonekana: karatasi iliyoweza kuwekwa mbele ya watu wakaikubali au wakaikataa. Pili, ulikuwa na thamani ya fedha kabla mchezo haujakamilika. Tatu, uliweza kutengana na mtunzi wake, mmoja akapanga na mwingine akaandika. Katika mwaka uo huo wa 1598 Francis Meres, alipokuwa akiwataja waandishi bora wa wakati wake, alimsifu Anthony Munday kuwa mpangaji wao hodari kuliko wote. Sifa hiyo ilikuwa ya ustadi wa kupanga. Ustadi wa kutunga mistari ni jambo jingine.

Nyumba hizo zilikuwa pia na karatasi nyingine iliyoitwa kwa jina lilo hilo. Hiyo ilibandikwa kwenye ubao uliotobolewa tundu ili utundikwe kwenye kigingi nyuma ya jukwaa, ikionyesha onyesho baada ya onyesho nani anaingia na anashika nini. Chache kati ya hizo zimesalia hadi leo. Karatasi hii haikutangulia mchezo. Ilitolewa katika mchezo uliokwisha kuandikwa. Basi hata katika chimbuko lake neno hilo liliitwa kwa kitu kinachokuja kabla na kitu kinachokuja baada. Utata tunaolalamikia leo una umri wa zaidi ya miaka 400.

Karatasi za Charles Dickens

Mfano ulio bayana kuliko yote wa kupanga hadithi kwa maandishi ni wa Charles Dickens, aliyezaliwa mwaka 1812 na kufariki mwaka 1870. Riwaya zake nyingi zilitolewa kwa sehemu za kila mwezi. Sehemu moja ilikuwa na kurasa 32 na iliuzwa kwa shilingi moja. Riwaya nzima ilichukua sehemu 20, mbili za mwisho zikitolewa pamoja, hata kazi ikaenea miezi 19. Sehemu ya kwanza ilikuwa mikononi mwa wasomaji wakati sehemu nyingi zaidi hazijaandikwa. Aliyekosea mwezi wa pili hakuweza kurudi kusahihisha mwezi wa kumi.

Dickens hakuanza akiwa mpangaji. Kitabu chake cha Pickwick, kilichotolewa kuanzia Aprili 1836 hadi Novemba 1837, kilikusudiwa kwanza kuwa maneno ya kusindikiza picha za mchoraji Robert Seymour. Seymour alifariki mwezi ule ule wa kwanza, na kijana mwandishi akajikuta ameachiwa usukani. Alisonga mbele kisa baada ya kisa, naye mwenyewe alikiri katika dibaji kwamba namna ile ya kuchapa haikumruhusu kutunga mambo yenye kufungamana sana. Kitabu kilipendwa mno. Lakini ni mfululizo wa matembezi zaidi kuliko hadithi moja.

Miaka 10 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Kuanzia riwaya ya Dombey and Son, iliyotolewa kati ya Oktoba 1846 na Aprili 1848, Dickens alitenga karatasi maalumu kwa kila sehemu. Aliilaza karatasi kwa upana, akaigawa pande mbili. Upande wa kushoto alijiwekea mawazo ya jumla na maswali: je, mhusika fulani aonekane mwezi huu? Je, siri ifichuliwe? Kisha akajijibu mwenyewe kwa neno moja au mawili: ndiyo, hapana, bado. Upande wa kulia aliandika namba ya sehemu, majina ya sura na mambo yaliyomo katika kila sura. Nyingi za karatasi hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, pamoja na miswada aliyoirithisha rafiki yake John Forster.

Tungependa msomaji azitazame kwa makini pande hizo mbili, kwa kuwa ndizo moyo wa hoja yetu. Wataalamu waliozichunguza karatasi hizo wameona kwamba mengi ya upande wa kulia yaliandikwa baada ya sura kumalizika, ili mwandishi akumbuke mwezi ujao alichokwisha kusema mwezi huu. Kushoto kuna yatakayokuwa. Kulia kuna yaliyokwisha kuwa. Kushoto kuna swali. Kulia kuna kumbukumbu. Dickens, aliyekuwa na neno moja katika lugha yake, alihitaji karatasi yenye pande mbili.

Tena mpango wake haukuwa pingu. Mnamo Julai 1846 alimwandikia Forster barua ndefu akimweleza atakavyoiendesha Dombey and Son. Katika barua hiyo alifikiria kumfanya kijana Walter aporomoke kidogo kidogo kutoka katika moyo mwema hadi katika uvivu na maangamizi. Alipoandika, aliacha wazo hilo: Walter alirudi salama kutoka baharini na kumwoa Florence. Lakini nguzo nyingine alizozitaja, yaani kiburi cha baba, kifo cha mwana mdogo, na binti asiyethaminiwa ambaye mwishowe ndiye anayebaki kuwa tegemeo, zilisimama mahali pake. Hivyo ndivyo ulivyo mpango wa hadithi: baadhi ya mistari yake ni ya wino na baadhi ni ya kufutika, na ustadi wa mwandishi ni kujua ipi ni ipi.

Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa nusu ya njia katika riwaya ya Edwin Drood, iliyokusudiwa kuwa ya sehemu 12. Sita tu zilipatikana. Karatasi zake hazikufichua mwisho, na wasomaji wameendelea kubishana tangu wakati huo juu ya nini kilimpata Drood. Hapa tunaona kwamba mpango na hadithi haviwezi kushika nafasi ya kila kimoja. Mwandishi alikuwa na ramani nyingine kichwani mwake, nayo ilizikwa pamoja naye.

Wasiopanga

Haitakuwa haki kusema kwamba kila mwandishi mkubwa alipanga kwa namna hiyo. Anthony Trollope, aliyeishi wakati mmoja na Dickens, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake, kwamba alipokaa kuanza riwaya hakujua, wala hakujali sana, itakavyokwisha. Yeye alitaka kwanza awajue wahusika wake kama mtu anavyowajua jamaa zake. Hata hivyo alikuwa na utaratibu mkali wa aina nyingine: aliamka mapema, akaweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa, na akaandika katika shajara idadi ya kurasa za kila siku. Hakuipanga hadithi, alizipanga siku zake. Mfano wake watufundisha kwamba istilahi tunayoitafuta isiwe na maana ya amri. Iwe jina la kazi ambayo mmoja huifanya sana, mwingine kidogo, na mwingine huiacha.

Kwetu

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu na ya mitambo ya uchapaji, na kwamba msimulizi wetu hutunga papo hapo. Hatuafiki. Bibi anayesimulia ngano jioni anaujua mwisho kabla hajasema "Paukwa". Akiona watoto wanasinzia hukikata kisa. Akiona macho yamewatoka hukirefusha na kuongeza wimbo. Kama asingekuwa na njia kichwani, angejuaje pa kukata na pa kurefusha?

Utenzi nao una mpango wa kurithiwa. Mshairi huanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Mara nyingi huagiza wino na karatasi kabla ya kuingia katika kisa. Na anapomaliza hutaja jina lake, na pengine idadi ya beti na mwaka. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni miongoni mwa kazi kongwe zilizotufikia katika utaratibu huu. Mtunzi aliyejua mlango wa kuingilia na wa kutokea aliweza kuelekeza nguvu zake katika kilichomo kati.

Katika nathari, tutazame Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama, aliyeshtakiwa barazani, anapewa siku sita za kujitetea, naye anasimulia safari za wajumbe sita waliopelekwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Siku sita, wajumbe sita, pande sita: hesabu kama hiyo haiji kwa bahati. Au tuchukue Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anafumbua siri ya mauaji. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi hana budi kumjua mwuaji kabla ya msomaji, kisha apande dalili moja moja kwa kurudi nyuma. Hatuhitaji kuziona karatasi za waandishi hawa ili tutambue kwamba nyumba hizi hazikujengwa kwa kubahatisha.

Basi kazi ipo kwetu tangu zamani. Kinachokosekana ni jina.

Kupima majina

Tuyapime majina yaliyo karibu. Ploti lina sauti nyepesi, lakini katika miji mingi, hasa ya Kenya, ploti ni kiwanja cha kujenga. Na hata likikubaliwa litaleta pamoja nalo ule utata wa Kiingereza tunaoukimbia. Njama ni ya wanaokula njama, tuwaachie. Muundo latumika katika shule za Tanzania kama kipengele cha fani, na humaanisha jinsi kazi nzima ilivyogawanywa na kuunganishwa. Ni neno pana mno. Muhtasari huja baada. Mpango linafaa, ila ni la kila kitu, kuanzia mpango wa maendeleo hadi mpango wa harusi. Kiunzi lina sura nzuri, lakini kiunzi cha chombo hubaki ndani ya chombo. Mpango wa mwandishi hubaki mezani.

Msuko tunaliunga mkono kwa lile jambo la pili. Mkeka ukishakamilika ndipo tunaposema msuko wake ni mzuri. Tunaona jinsi ukili ulivyopishana, na rangi ilivyojitokeza pale ilipotakiwa. Msuko huonekana katika kitu kilichosukwa.

Kwa jambo la kwanza tunapendekeza ramani ya hadithi. Fundi mwashi na mwenye nyumba wanajua tayari maana ya ramani: ni karatasi inayotangulia msingi, yaweza kuonyeshwa, kukosolewa, kurekebishwa, hata kuchorwa na mtu mmoja na kujengwa na mwingine, kama vile mpango wa Benjamin ulivyoandikwa na Chapman. Tena neno lenyewe lina nasaba inayofaa. Asili yake hurudishwa kwenye rahmani, kitabu cha uongozaji cha manahodha wa Bahari ya Hindi, kilichoonyesha nyota, bandari na njia; na nyuma yake kuna neno la Kiajemi lenye maana ya kuonyesha njia. Nahodha hakuwa mtumwa wa rahmani yake. Upepo ukigeuka, alibadili njia, lakini hakusahau bandari aliyokusudia.

Matumizi yatakuwa hivi. "Kabla hujaanza, chora ramani ya hadithi yako." "Mwandishi aliibadili ramani yake mara mbili, lakini msuko wa riwaya hauonyeshi kiraka." "Eleza msuko wa tamthilia hii, kisha uoneshe jinsi ulivyofungamana na muundo wake." Mfasiri ajiulize swali moja tu: je, kitu kinachotajwa kimetangulia maandishi, au kimo ndani ya maandishi? Kikitangulia, ni ramani. Kikiwamo, ni msuko.

Faida yake haitaishia kwa wafasiri. Mwanafunzi wetu amefundishwa kwa miaka mingi kuzichambua hadithi za wengine, naye huzichambua vizuri. Anapoagizwa aandike yake, aghalabu huanza sentensi ya kwanza bila kujua ya mwisho, na karatasi inapoisha huwaua wahusika wote au huwaamsha kutoka ndotoni. Mwalimu humkosoa kwamba muundo wake ni dhaifu. Lakini hakumwambia kwamba kabla ya muundo kuna kazi nyingine, kwa sababu kazi hiyo haikuwa na jina katika kitabu cha mwalimu. Jambo lisilo na jina ni vigumu kulifundisha, na vigumu zaidi kulitahini.

Pendekezo hili tunaliweka mbele ya wasomaji ili walipime kwa matumizi, kwani istilahi haisimami kwa kutangazwa, bali kwa kutumiwa. Mwalimu alijaribu darasani na mfasiri alijaribu katika rasimu yake. Na mtumishi wa serikali anayeandaa taarifa ndefu atazame kama ramani haitamfaa naye pia. Likiwafaa, litabaki. Lisipowafaa, tutaletewa lililo bora, nasi tutalipokea kwa shukrani.